Kani Bila Mwenyewe

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Korea Kusini, Eunsook Kim na Sung-Jae Pak, walichapisha uchunguzi mdogo ambao ungestahili kubandikwa mlangoni mwa kila darasa la masomo ya jioni. Waliwauliza wanafunzi 27 wamewahi kufanya maswali mangapi ya mekanika. Kwa hesabu ya wanafunzi wenyewe, aliyefanya machache alikuwa amefanya kama 300, aliyefanya mengi 2,900, na wastani ulikuwa karibu 1,500. Fomula hazikuwasumbua, wala hesabu. Lakini walipoulizwa mambo ya msingi kuhusu kani na mwendo, wengi walijikwaa palepale wanapojikwaa wanaoanza, na wingi wa maswali aliyofanya mtu haukuwa na uhusiano wa maana na uelewa wake.

Kwetu msimu wa marudio una sura inayojulikana. Pasti pepa za miaka kumi zinatolewa kopi, zinabanwa pini, zinapita mikononi mpaka kurasa za mwisho zinachanika, na kila kundi linakaa chini ya mwembe kuzimaliza moja baada ya nyingine. Ni kazi halali na inaleta alama, ndiyo maana haiachwi. Shaka yangu ni juu ya kinachorudiwa humo. Fomula za mekanika ya sekondari ni chache kiasi cha kuenea kwenye kiganja, na wapo waliozieneza humo wakaishia kutolewa chumba cha mtihani. Kinachomshinda mwanafunzi ni kitu ambacho hakufundishwa na mwalimu yeyote. Alikuja nacho shuleni. Ni imani kwamba kila kinachokwenda kinasukumwa, na kwamba kikiacha kusukumwa kinasimama. Marudio yasiyoigusa imani hiyo yanaongeza wepesi wa kukokotoa, basi.

Ipo njia rahisi ya kuifichua. Rusha sarafu juu. Ikiwa katikati ya safari yake ya kupanda, tayari imeachana na mkono, chora mishale ya kani zote zinazofanya kazi juu yake. Ukinzani wa hewa usiuhesabu. John Clement wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliwapa swali hili wanafunzi wa uhandisi na kuchapisha majibu yao mwaka 1982. Walio wengi walikosa, na walio wengi waliendelea kukosa hata baada ya kumaliza kozi ya mekanika.

Jibu la kawaida lina mishale miwili. Mmoja unaelekea juu, nao huitwa nguvu ya mkono au nguvu ya kurushia. Mwingine unaelekea chini, ni uzito. Sarafu inapanda kwa sababu mshale wa juu ni mrefu zaidi. Unapungua kidogo kidogo, kileleni inakuwa sare, kisha uzito unashinda na sarafu inarudi. Simulizi hilo limekamilika, lina mwanzo, kilele na mwisho. Kasoro yake ni kwamba mkono haupo. Uko chini, pengine umeshaingia mfukoni. Kitu kisichogusa sarafu, kisicho sumaku wala umeme, kinaisukumaje? Mshale ni mmoja tu, unaelekea chini, na urefu wake ni uleule wakati sarafu inapanda, inapofika kileleni na inaposhuka. Kileleni velositi ni sifuri, lakini mchapuko haukwenda likizo. Kama nao ungekuwa sifuri, sarafu ingebaki inaning'inia hewani, na refa angengoja sana kujua timu ipi inaanza.

Mwanafunzi anayechora mishale miwili asichekwe, kwa kuwa yumo katika kundi la watu wakubwa. Aristotle alifundisha kwamba mwendo wa kitu kilichorushwa unahitaji kisukumaji wakati wote, na kwa kuwa mkono umeshaachia, kazi hiyo akaipa hewa. Katika karne ya 6 Yohane Philoponus wa Aleksandria alilikataa jibu hilo. Kama hewa ingekuwa na uwezo huo, kwa nini tusipepee hewa nyuma ya jiwe likaondoka lenyewe? Badala yake akasema mrushaji hupachika kitu ndani ya kinachorushwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliendeleza wazo la mwelekeo unaotiwa ndani ya kitu, akaona kwamba mahali pasipo na kizuizi chochote mwelekeo huo usingekwisha. Katika karne ya 14 Jean Buridan wa Paris aliupa msukumo huo wa ndani kipimo, akisema unategemea wingi wa maada na kasi. Galileo alichapisha kazi yake ya mwisho kuhusu mwendo mwaka 1638, na Newton akatoa sheria zake tatu mwaka 1687. Ni karibu miaka elfu mbili kutoka Aristotle hadi Newton. Ratiba ya shule inatoa vipindi vichache kwa safari hiyohiyo, halafu tunashangaa kwamba baadhi ya abiria wameshuka Aleksandria.

Imani hii inadumu kwa sababu barabara inaithibitisha kila siku. Msukuma mkokoteni wa madumu ya maji anajua kwamba akiacha kusukuma, safari imekwisha. Tumpe tarakimu. Mkokoteni na mzigo vina tungamo la kilo 250, na msuguano wa ekseli, matairi na mchanga unaurudisha nyuma kwa nyutoni 150. Akisukuma kwa nyutoni 200, kani mbili zinapingana na inayobaki ni 50. Ukigawanya kwa 250 unapata mchapuko wa mita 0.2 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde sita mkokoteni unakwenda mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Sasa anapunguza mkono, anasukuma kwa nyutoni 150 kamili. Hapa darasa zima litasema mkokoteni unasimama, kwa sababu kani zimekuwa sawa. La. Unaendelea mita 1.2 kwa sekunde, sekunde baada ya sekunde, kwa kuwa jumla ya kani ni sifuri na hakuna sababu ya velositi kubadilika. Akiachia kabisa, inabaki 150 ya msuguano peke yake, inayorudisha nyuma kwa mchapuko wa 0.6, na mkokoteni unasimama baada ya sekunde mbili ukiwa umekwenda mita 1.2 zaidi.

Kwa hiyo jasho la msukumaji aliyeshika mwendo wake linakwenda lote kuufuta msuguano, na mwendo wenyewe haumdai chochote. Sheria ya kwanza ya Newton inasema hilo, lakini huwa tunaikariri kama sala ya kufungulia kipindi, kisha tunakimbilia ya pili kwa sababu ndiyo yenye hesabu. Ingekuwa amri yangu, mwanafunzi asingeruhusiwa kuandika F = ma mpaka aeleze kwa nini basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, mshale wa spidi haujatikisika, lina jumla ya kani sifuri ingawa injini inanguruma na mafuta yanaungua.

Dawa ninayoiamini ni kanuni moja ya uchoraji: kila mshale uwe na mwenyewe. Chagua kitu kimoja, kitenge na dunia, kisha kwa kila kani inayokigusa andika maneno mawili, nani anaisababisha na nani anaipokea. Dunia inavuta sarafu. Mchanga unazuia tairi. Mtu anasukuma mkokoteni. Mshale usiopata jina la msababishaji unafutwa, hata kama umechorwa kwa rula. "Nguvu ya mwendo" haina mwenyewe, ifutwe. Ile inayodaiwa kumtupa abiria mbele pale daladala inapokanyaga breki haina mwenyewe vilevile. Abiria hakusukumwa mbele na yeyote. Gari lilipunguzwa mwendo, viatu vikapunguzwa nalo kwa msuguano wa sakafu, kiwiliwili kikaendelea na velositi iliyokuwepo hadi kilipokutana na bomba au na mgongo wa jirani. Kona ni habari ileile iliyogeuzwa upande. Gari linakata kulia, wewe unaendelea ulikokuwa unakwenda, na ubavu wa gari unakujia. Konda anayekwambia ushikilie bomba anafundisha sheria ya kwanza bila posho.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayookoa sheria ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayokaririwa vizuri zaidi na kueleweka vibaya zaidi. Kila mtu anaweza kusema kwamba kwa kila kani kuna kani nyingine iliyo sawa nayo na yenye mwelekeo wa kinyume. Basi muulize habari ya punda anayevuta gari la maji. Punda anavuta gari kwenda mbele. Gari linamvuta punda nyuma kwa kani sawasawa. Kani mbili sawa zinafutana. Kwa hiyo punda na gari hawatoki hapo hadi kiama. Punda, ambaye hajasoma, anaondoka.

Kosa limejificha kwenye neno "zinafutana". Kani zinaweza kufutana zikiwa juu ya kitu kimoja. Hizi mbili ziko juu ya vitu viwili. Kani ya punda juu ya gari inahesabiwa katika mchoro wa gari, na humo mpinzani wake ni msuguano wa magurudumu. Ikiuzidi, gari linaongeza mwendo. Kani ya gari juu ya punda inahesabiwa katika mchoro wa punda, na humo mpinzani wake ni ardhi, kwa sababu punda anasukuma ardhi nyuma kwa kwato na ardhi inamsukuma yeye mbele. Mpeleke punda huyo kwenye sakafu ya vigae iliyomwagikiwa mafuta uone kama misuli peke yake inatosha. Pingamizi zima linatoweka ukichora michoro miwili badala ya mmoja.

Mtego wa pili uko mezani, pengine chini ya daftari unaloliandikia. Kitabu kimetulia juu ya meza. Dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, kani hizo zinalingana, na karibu darasa zima litasema hizo ndizo jozi ya sheria ya tatu. Sizo. Zote mbili ziko juu ya kitabu, na jozi ya kweli haiwezi kukaa juu ya kitu kimoja. Mwenza wa "dunia inavuta kitabu" ni "kitabu kinavuta dunia", na mwenza wa "meza inasukuma kitabu" ni "kitabu kinasukuma meza". Geuza majina tu, jozi inajitokeza. Kulingana kwa uzito na msukumo wa meza kunatoka kwenye sheria ya pili, kwa kuwa kitabu hakina mchapuko. Ukitaka uthibitisho, panda lifti na meza hiyo, kitabu kikiwa juu yake. Ikianza kupanda, meza inasukuma zaidi ya uzito, ilhali katika kila jozi ya sheria ya tatu kani mbili zinaendelea kulingana.

Tukiwa ndani ya lifti tumalizane na uzito na tungamo. Mtu wa kilo 60 asimame juu ya mizani ya bafuni, na g tuichukue kuwa 10 kama karatasi ya mtihani inavyoagiza. Lifti ikianza kupanda kwa mchapuko wa mita 1.5 kwa sekunde kwa sekunde, mizani inamsukuma kwa nyutoni 690 na inamsoma kilo 69. Ikishika mwendo wa kudumu, anarudi 60, hata kama inapaa ghorofa tatu kwa kupepesa jicho. Ikikaribia kusimama huko juu, inasoma 51 ingawa bado anapanda. Hapo ndipo pa kumkamata mwenye imani ya zamani, kwani anaamini anayepanda lazima asukumwe juu kupita uzito wake. Mwelekeo wa mwendo na mwelekeo wa jumla ya kani ni mambo mawili, na kani inajibu swali la mwendo unabadilikaje. Tungamo halikuguswa katika safari yote. Hakuna aliyekonda kati ya ghorofa ya kwanza na ya ishirini.

Kuhusu hiyo 10, kwenye usawa wa bahari karibu na ikweta g ni kama 9.78, na kwenye ncha za dunia ni kama 9.83. Sisi wa ikweta tunavutwa kidogo kuliko wengine, kisha mtungaji wa mtihani anatuongezea asilimia mbili na kitu ili hesabu zigawanyike vizuri. Sina ugomvi naye.

Kuanguka hakuhitaji maneno mengi. Jiwe la kilo kumi linavutwa mara kumi kuliko la kilo moja, na ni gumu kuharakishwa mara kumi kuliko la kilo moja, kwa hiyo mchapuko unatoka uleule. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya wa falkoni mwezini, pasipo na hewa, vikatua pamoja mbele ya kamera. Anayebisha kwa kutumia unyoya wa hapa kwetu anabishana na hewa.

Zile fomula za mwendo wa mstari mnyoofu, u, v, a, s na t, zina sharti moja ambalo vitabu hulitaja mara moja na kulisahau: mchapuko uwe haubadiliki. Mkokoteni wetu ulikuwa na vipande vitatu vya safari na michapuko mitatu, kwa hiyo unakokotolewa mara tatu; anayechukua kasi ya mwanzo wa kipande cha kwanza na ya mwisho wa kipande cha tatu na kuzitia kwenye fomula moja atapata jibu safi lisilo na maana. Nakumbusha pia alama ya kutoa. Chagua upande mmoja uwe chanya kabla ya kuandika chochote, na usiubadilishe katikati kwa huruma.

Ziko sehemu ambapo fomula hizo zinastahili heshima zaidi ya alama nne. Chukua gari linaloweza kupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, na dereva anayechukua sekunde moja kutoka kuona hatari hadi kukanyaga breki. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kabla ya breki kushika na mita 19 baada yake, jumla 33. Kwa 80 ni mita 22 na 49, jumla kama 72. Kwa 100 ni 28 na 77, jumla 105, karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira. Kasi imeongezeka mara mbili kutoka 50 hadi 100, lakini umbali wa breki umeongezeka mara nne, kwa sababu kwenye fomula kasi imekaa katika kipeo cha pili. Abiria anayemhimiza dereva akanyage mafuta alifaulu swali hili Kidato cha Pili, kisha akaliacha ndani ya chumba cha mtihani pamoja na kalamu.

Turudi kwenye namna ya kurudia. Mwaka 1992 David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walichapisha jaribio la maswali 29 ya kuchagua jibu, yasiyohitaji kikokotoo. Majibu ya uongo yaliyomo hayakubuniwa. Yalijengwa juu ya imani halisi za wanafunzi, nguvu ya mkono ikiwa miongoni mwake. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 kutoka kozi 62, nyingi zao za Marekani, waliopimwa kwa jaribio hilo au ndugu yake kabla na baada ya kozi. Katika kozi za mhadhara wa kawaida, wanafunzi walipata wastani wa asilimia 23 ya kile walichokuwa hawakijui mwanzoni. Katika kozi ambazo walilazimika kubashiri, kujadiliana na kusahihishwa papo hapo, walipata asilimia 48. Hata huko, nusu ilibaki.

Masomo ya jioni chini ya mwembe yana kila kinachohitajika kwa njia hiyo ya pili, na hayagharimu maabara. Kabla ya kugusa tarakimu, kila mmoja aseme kitatokea nini na kwa nini, kwa Kiswahili au lugha yoyote ambayo hawezi kujificha ndani yake, hata kama karatasi itadai Kiingereza. Kisha mishale ichorwe na iulizwe wenyewe. Mnaotofautiana msipige kura, kwa sababu katika mekanika walio wengi wamewahi kukosa kwa karne nyingi mfululizo.

Na pasti pepa zisitupwe, zivunjwe. Swali la kawaida lina vipande viwili vya mbao, cha kilo 3 mbele na cha kilo 2 nyuma, vimeunganishwa kwa kamba juu ya meza laini isiyo na msuguano, na cha mbele kinavutwa kwa nyutoni 10. Mchapuko ni 2, kani ndani ya kamba ni nyutoni 4, na baada ya sekunde tatu tangu kutulia vyote vinakwenda mita 6 kwa sekunde. Hapo mwanafunzi anapiga mstari na kufungua ukurasa. Asifungue bado. Kamba ikatike katika sekunde hiyo ya tatu. Cha mbele sasa kinavutwa peke yake na mchapuko wake unapanda hadi 3.3. Cha nyuma kinafanya nini? Wengi watasema kinapunguza mwendo taratibu hadi kisimame. Chora mishale yake. Dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, basi. Kinaendelea kwa mita 6 kwa sekunde hadi mwisho wa meza. Kipande hicho cha swali hakionekani mara nyingi kwenye karatasi za mtihani, nadhani kwa sababu hakina hesabu za kutosha kugawiwa alama.